Kutazama vitu laini ndani ya maji kwa hadubini ya elektroni: mwongozo kamili, kuanzia chipu hadi video

Hadubini ya elektroni inaishi kwenye ombwe. Tangu Max Knoll na Ernst Ruska walipounda ya kwanza mjini Berlin mwaka 1931, sharti halijabadilika: hewa lazima inyonywe, la sivyo elektroni zitagongana na molekuli za hewa kabla hazijafika kwenye sampuli. Maji yakiingia humo yanachemka na kupotea papo hapo. Ndiyo maana kwa miongo mingi watu walikausha sampuli, wakazipaka chumvi za metali nzito, au wakazizamisha kwenye plastiki na kuzikata vipande vyembamba. Baadaye, Jacques Dubochet na wenzake walipoonyesha njia mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakaanza kuzigandisha kwa kasi kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kuunda fuwele za barafu.

Njia zote hizo zinakupa kitu kilichosimamishwa. Lakini miseli (vijitufe vya molekuli zilizokusanyana majini), liposomu (vifuko vidogo vya mafuta), jeli, protini zinazokusanyana au utando wa seli ni vitu ambavyo habari yake kubwa ni mwendo: vinaungana, vinavimba, vinapasuka. Wazo la kufungia kimiminika kati ya tando mbili nyembamba ili kukitazama kikiwa majimaji lilichapishwa na Abrams na McBain mwaka 1944. Kilichokosekana ni utando mwembamba ambao hauchaniki. Ulipatikana kwenye teknolojia ya kutengeneza chipu za kompyuta: mwaka 2003 Frances Ross na wenzake walionyesha shaba ikijijenga kwenye elektrodi ndani ya kimiminika, na mwaka 2009 kundi la Niels de Jonge likaonyesha seli nzima ndani ya maji, vipokezi vyake vikiwa vimewekewa alama za dhahabu, kwa upambanuzi wa nanomita 4.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye nafasi ya kutumia hadubini ya kupenya, ile ambayo kila maabara huiita TEM, na ambaye sampuli yake ni laini: polima, mafuta, protini, seli. Kila hatua hapa chini inatokana na jambo moja. Mwale wa elektroni ni kemikali unayoimimina kwenye sampuli yako. Ukiuchukulia kama taa tu, utarudi nyumbani na video nzuri ya kitu ambacho hakijawahi kutokea kwenye chupa.

Kwanza, una haja nayo kweli?

Chemba ya kimiminika ni ghali, inakula muda, na picha zake zina chenga nyingi kuliko za krayo, yaani ile njia ya kugandisha. Ukitaka umbo la protini, nenda krayo moja kwa moja. Mwaka 2020 protini ya apoferitini ilipambanuliwa kwa krayo hadi angstromu 1.2 hivi (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita); lakini ndani ya maji, kwa kitu laini kisicho na metali, ukipata nanomita chache umebahatika. Ukitaka wastani wa ukubwa wa chembe zilizo kwenye chupa, mashine ya mtawanyiko wa mwanga itakujibu ndani ya dakika chache, tena kwa mamilioni ya chembe badala ya arobaini.

Chemba hii inajibu swali la aina moja: jambo linatokeaje, na nini kinamtangulia mwenzake. Mfano ninaoupenda ni kazi ya timu ya Eindhoven iliyochapishwa mwaka 2019 kuhusu vifuko vya polima. Polima yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyaogopa huyeyushwa kwenye asetoni, kisha maji yanaletwa taratibu mpaka vifuko vinajiunda vyenyewe. Maelezo yaliyozoeleka yalisema miseli huja kwanza, zinageuka bapa, bapa zinajikunja na kufunga. Walichokiona ndani ya kimiminika ni matone yaliyojaa polima yakijitenga kwanza, halafu muundo wa kifuko ukajipanga ndani ya matone hayo. Picha zilizogandishwa zingekuonyesha tone hapa na kifuko pale, na kukuachia wewe ubishi wa kipi kilizaa kipi.

Kwa hiyo andika swali lako kwa sentensi moja. Kama sentensi hiyo haina kitenzi cha mabadiliko ndani yake, okoa pesa ya kukodi hadubini.

Hatua ya 1: Chagua chemba

Ya kawaida ni chipu mbili za silikoni zinazotazamana. Kila moja ina dirisha la silikoni nitridi lenye unene wa nanomita 30 hadi 50, na kati yake kuna kitenganishi kinachoacha nafasi ya nanomita mia moja hadi elfu moja au zaidi. Zinakaa kwenye ncha ya kishikio maalumu chenye oringi (pete za mpira za kuziba), na vishikio vingi vina mirija ya kupitisha kimiminika. Ukihitaji kuchanganya viyeyusho au kubadilisha pH katikati ya jaribio, hii ndiyo chaguo lako.

Ya pili ni mfuko wa grafini: tone dogo linanaswa kati ya karatasi mbili za kaboni zenye unene wa atomu moja. Picha ni safi mno kwa sababu hakuna nitridi ya kukuletea chenga, na grafini yenyewe inapitisha umeme na kufyonza sehemu ya radikali, yaani vipande vikali vya molekuli ambavyo mwale huvizalisha majini. Ubaya wake ni kwamba hupitishi kitu ndani, mifuko inajitokeza inapotaka, na mingine ukiifikia unakuta imekauka. Feritini, protini inayohifadhi chuma, ni sampuli nzuri ya kujifunzia hapa, maana kiini chake kinaweza kubeba hadi atomi 4,500 za chuma na kinaonekana bila kupakwa rangi yoyote.

Kama huna hata kimoja, uliza kama kuna hadubini ya kuchanganua, inayofagia uso wa sampuli kwa mwale, yenye chemba ya mvuke. Ukipoza sampuli hadi nyuzi 2 za Selsiasi na kuweka mvuke wa maji wa paskali 700 hivi, maji yanabaki maji. Hutaona miseli moja moja vizuri, ila jeli, majani, tishu na povu zinaonekana bila kukaushwa, na bei ya saa moja kwa kawaida ni nafuu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwale kabla hujagusa chipu

Wengi huifanya hatua hii mwishoni, wakati wa kuandika makala. Ifanye sasa, kwenye karatasi.

Kuna namba mbili za kujua. Ya kwanza ni mmiminiko: elektroni ngapi zimepita kwenye kila angstromu ya mraba. Ya pili ni dozi: nishati iliyobaki ndani ya maji, kwa kipimo cha grei. Kwa mwale wa kilovolti 200, elektroni 1 kwa angstromu ya mraba ni karibu grei milioni 4.5 ndani ya maji. Kwa kilovolti 300 ni karibu milioni 3.8, kwa sababu elektroni yenye kasi zaidi inaacha nishati kidogo zaidi njiani. Binadamu aliyepigwa mnururisho wa grei 4 au 5 mwili mzima, asipotibiwa, ana nusu ya nafasi ya kufa. Sasa linganisha.

Namba hiyo inamaliza mjadala mmoja mapema. Mtu akikuambia amerekodi seli ikiwa hai ndani ya TEM, muulize dozi. De Jonge mwenyewe, pamoja na Diana Peckys, waliandika mwaka 2016 kwamba hadubini ya elektroni ya seli hai huenda haiwezekani. Seli nzima ndani ya maji, ndiyo. Seli inayoendelea na maisha yake huku ukiitazama, hapana. Hivyo kama kazi yako ni seli, weka alama za dhahabu, zikaze seli kwa kemikali ya glutaraldehaidi, halafu uzitazame zikiwa bado na maji yake. Hata hapo umepata kitu kikubwa, maana hujakausha wala hujakata.

Hesabu ya TEM inakwenda hivi. Mkondo wa nanoampia 1 ni elektroni bilioni 6.24 kwa sekunde. Ukiutandaza kwenye duara lenye kipenyo cha mikromita 5, eneo lake ni angstromu za mraba bilioni 1.96 hivi, na unapata elektroni 3.2 kwa angstromu ya mraba kila sekunde. Kwa miseli za polima hiyo ni nyingi mno. Anza na 0.1 au chini yake, yaani punguza mkondo zaidi ya mara thelathini au tandaza mwale. Kwa 0.1, dakika moja ya kurekodi ni elektroni 6 kwa angstromu ya mraba. Katika krayo, picha moja kamili huchukua jumla ya 20 hadi 60, lakini pale barafu inazishika radikali zisitembee. Kwako zinaogelea.

Kama unatumia mwale unaofagia nukta kwa nukta, yaani STEM, zidisha mkondo kwa muda wa kukaa kwenye nukta, kisha gawa kwa eneo la nukta. Pikoampia 10, mikrosekunde 5, nukta ya nanomita 1 kwa upande: elektroni 312 kwa nanomita ya mraba, sawa na 3.1 kwa angstromu ya mraba, kwa fremu moja tu. Angalia vipimo hivyo viwili. Nanomita moja ya mraba ni angstromu 100 za mraba, na makala zinatumia kipimo chochote kati ya hivyo. Ukinakili namba bila kusoma kipimo, utaichoma sampuli mara mia zaidi ya ulivyokusudia.

Hatua ya 3: Tayarisha sampuli

Ijue sampuli yako nje ya hadubini kwanza. Pima ukubwa kwa mtawanyiko wa mwanga na upige picha chache za krayo; hizo ndizo utakazolinganisha nazo baadaye. Chuja bafa kwa kichujio cha mikromita 0.2, kwa sababu kipande cha vumbi cha mikromita moja kinatosha kuzuia chipu mbili zisikutane. Toa gesi iliyoyeyuka kama utapitisha kimiminika, la sivyo utafukuza viputo siku nzima.

Chumvi iwe ya chini kadiri sampuli inavyovumilia. Usiweke chumvi za dhahabu, fedha au platinamu kama si lazima: elektroni zinazozalishwa majini zitazigeuza metali, na utaona chembe nyeusi zikizaliwa mbele yako. Watu wa nanometali wanafurahia jambo hilo, ila wewe hukulifuata.

Msongamano wa chembe uwe juu kidogo kuliko wa krayo. Ndani ya dirisha utaona tu zile zilizo karibu na utando, na sababu yake ni rahisi kuhesabu. Chembe ya nanomita 10 inayoelea huru kwenye maji ya nyuzi 25 inatawanyika kwa mikromita za mraba 49 hivi kwa sekunde. Kamera ikipiga fremu 10 kwa sekunde, chembe hiyo inasogea zaidi ya mikromita 4 kati ya fremu moja na nyingine, yaani imeshatoka nje ya picha yako. Kwa hiyo kila kitu unachokiona kikitembea polepole kimeshikwa kwa namna fulani na dirisha. Kumbuka hili ukifika kwenye takwimu za mwendo.

Hatua ya 4: Safisha chipu

Chipu mpya mara nyingi huja zikiwa zimefunikwa na utando wa kulinda. Zitumbukize kwenye asetoni safi kwa dakika mbili hivi, kisha moja kwa moja kwenye methanoli au isopropanoli kwa muda kama huo. Asetoni isikaukie juu ya chipu, itaacha madoa. Shika kwa kibano chenye ncha bapa, pembeni tu, na uingize chipu kwenye kimiminika kwa upande wake badala ya kuilaza, kwa sababu mvutano wa uso wa kimiminika unatosha kupasua dirisha.

Kausha kwa nitrojeni iliyopunguzwa nguvu, kwa pembe. Halafu weka chini ya hadubini ya mwanga. Dirisha zima lina rangi moja iliyotulia. Lililopasuka ni shimo jeusi au lina vipande pembeni.

Mwisho ni plazma ya oksijeni na agoni, dakika moja au zaidi kidogo, ili maji yatandazike badala ya kujikusanya kama tone. Athari yake inapungua kadiri muda unavyopita, kwa hiyo usifanye asubuhi kwa kazi ya jioni. Ukitaka chembe zenye chaji hasi zishike dirishani, paka polilisini, polima yenye chaji chanya, baada ya plazma.

Hatua ya 5: Funga chemba, na upime uvujaji kana kwamba hadubini ni yako

Anza na oringi. Zitoe, zikague chini ya hadubini ya stereo, maana unywele mmoja unatosha kuvujisha. Angalia pia ni za mpira gani. Viton inavimba kwenye asetoni, kwa hiyo kwa jaribio kama lile la vifuko vya polima tumia EPDM au mpira wa perifluoro. Jambo hili halimo kwenye makala nyingi na limeua siku nyingi za watu.

Weka chipu ya chini, dirisha likitazama juu. Dondosha mikrolita 0.5 hadi 2. Ikizidi inafurika hadi kwenye oringi. Ikipungua unafungia kiputo. Shusha chipu ya juu kwa pembe ili hewa itoke upande mmoja, kisha hakikisha madirisha yamepishana unavyotaka. Yakipangwa sambamba unapata eneo refu la kutazama. Yakipangwa kama msalaba unapata mraba mdogo, lakini kimiminika kinakuwa chembamba zaidi. Kwa vitu laini mimi hupendelea msalaba.

Kama utatumia STEM, sampuli ishikamane na chipu ya juu, upande mwale unakoingilia, kwa sababu mwale unatawanyika kadiri unavyopenya maji. Kwa TEM ya kawaida ni kinyume chake: upande wa kutokea ndio wenye picha kali.

Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, na uache pale mpira unapogusa. Kukaza zaidi hakuzibi zaidi, kunavunja chipu.

Sasa uvujaji. Kila kishikio kiingie kwanza kwenye kituo cha kunyonyea hewa kilicho nje ya hadubini. Subiri mpaka shinikizo litulie, kisha pitisha kimiminika kwa mikrolita 1 hadi 5 kwa dakika, kasi utakayotumia kweli, na ungoje tena kama robo saa. Kishikio kinachoziba kikiwa kimetulia kinaweza kuvuja pampu ikisukuma. Ukitoa, rudi kwenye hadubini ya mwanga uone madirisha yako mazima. Mhusika wa maabara akikuambia ruka hatua hii kwa sababu muda umekwisha, ahirisha kazi.

Ukiwa hapo, tafakari unene. Ndani ya chemba kuna shinikizo la hewa la kawaida, nje ni ombwe, na dirisha linatuna kama andazi lililoingia kwenye mafuta ya moto. Kitenganishi kinaweza kuwa cha nanomita 150, lakini katikati ya dirisha pana ukakuta mamia ya nanomita zaidi, wakati mwingine kupita mikromita. Maji yenye unene namna hiyo yanameza utofauti wote wa kitu laini, kwa sababu polima na maji hutawanya elektroni karibu sawa. Dawa ni tatu: dirisha lenye upana mdogo, kutazama kwenye pembe za dirisha, na kupunguza shinikizo la mirija kama pampu yako inaruhusu.

Hatua ya 6: Ingiza, tafuta, usichome

Jaza mtego wa baridi, kile chombo cha baridi kali kinachonasa mvuke ndani ya hadubini. Ingiza kishikio, fungua vali baada ya shinikizo kutulia, na kwa dakika za mwanzo macho yawe kwenye kipimo cha ombwe. Kikiruka, funga vali za nguzo ya hadubini kwanza, maswali baadaye.

Tafuta dirisha kwa ukuzaji mdogo na mwale hafifu. Weka fokasi kwenye ukingo wa dirisha, au sehemu ambayo hutairekodi, kisha sogea. Kwa polima na protini unahitaji kutoka kwenye fokasi kwa mikromita kadhaa ili utofauti ujitokeze. Hapo ukali wa picha unapungua, na inabidi ukubali.

Je, kweli kuna maji? Swali si la kipuuzi, kwani chipu nyingi zinakauka kimyakimya na watu wanaendelea kurekodi. Kama una spektromita ya upotevu wa nishati, linganisha elektroni zilizopita bila kupoteza kitu na jumla yote. Uwiano huo unakupa unene. Ukiwa na kichujio cha nishati, kiwashe, kinasaidia mno kwenye maji yenye unene mkubwa. Bila vifaa hivyo, subiri hadi mwisho wa kazi, kusanya mwale kwenye sehemu usiyoihitaji na uone kama kiputo kinatokea. Kikitokea, na kikajifunga ulipotandaza mwale tena, maji yalikuwepo. Usifanye hivi mwanzoni: kiputo ni haidrojeni zaidi, kinaweza kusambaa na kuondoa maji kwenye dirisha zima.

Hatua ya 7: Rekodi

Tumia kamera inayohesabu elektroni moja moja kama ipo. Zuia mwale kati ya picha kwa kifaa cha kuufunga. Kila sekunde unayotazama skrini bila kurekodi ni dozi iliyopotea bure. Jambo linalochukua dakika kumi halihitaji video ya fremu 30 kwa sekunde. Picha moja kila sekunde 20, mwale ukiwa umefungwa katikati, itakupa habari ile ile kwa sehemu ndogo ya dozi.

Kwa kila faili andika: muda tangu eneo hilo liguswe na mwale mara ya kwanza, kasi ya mmiminiko, jumla ya mmiminiko, kasi ya pampu, na mahali kwenye dirisha, katikati au pembeni. Usitegemee programu ya kamera. Nyingi hazihifadhi mkondo wa mwale.

Hatua ya 8: Mshitaki mwale

Hapa ndipo kazi nzuri na mbovu zinapoachana.

Elektroni ikipita majini inavunja molekuli. Ndani ya muda mfupi kuna elektroni zilizozingirwa na maji, radikali za hidroksili, atomi za haidrojeni, gesi ya haidrojeni, peroksidi ya haidrojeni na ioni za asidi zinazoshusha pH. Hidroksili ndiyo adui wa vitu laini: inang'oa haidrojeni kwenye mnyororo wa polima, na mnyororo ulioachwa wazi unakatika au unajiunga na jirani. Polietilini oksaidi, ile ile inayopendwa kwenye dawa na vipodozi kwa kupenda maji, inaunganishwa na mnururisho hadi kuwa jeli. Fikiria sasa uko kwenye skrini, unaona miseli mbili zenye taji la polima hiyo zikisogeleana na kushikana. Zimeungana zenyewe, au umezishona wewe?

Majaribio haya ndiyo yanayojibu, na ninayapanga kwa umuhimu wake.

Rudia jambo lile lile kwa kasi tatu za mmiminiko, kila moja kwenye eneo jipya. Kama kasi ya tukio inapanda pamoja na mwale, mwale ndio unaoliendesha. Kama haibadiliki, una hoja. Ukichora grafu, chora mara mbili: tukio dhidi ya muda, na tukio dhidi ya jumla ya dozi. Mistari ikilaliana kwenye grafu ya dozi na kutawanyika kwenye ya muda, umeshapata jibu, hata kama hulipendi.

Kisha nenda kwenye eneo ambalo halijaguswa kabisa, mwisho wa jaribio, upige picha moja tu. Kama umeanzisha mabadiliko kwa kupitisha maji kwenye asetoni, eneo hilo pia lilipaswa kubadilika. Chembe zake zikifanana na zile ulizorekodi, umesimama pazuri. Zikiwa bado kama mwanzo, video yako ni ya mnururisho.

Pitisha kiyeyusho kitupu, bila sampuli, kwa dozi ile ile. Utashangaa ni mambo mangapi yanajitokeza kutoka kwenye mirija michafu.

Fungua chemba, toa kilichomo, ukilinganishe na krayo ya sampuli ile ile iliyobadilika ndani ya chupa.

Vipo pia vifyonza radikali: isopropanoli, asidi askobiki, gliseroli. Vinasaidia, lakini kila kimoja kinapokamata hidroksili kinageuka radikali nyingine, na isopropanoli ni kiyeyusho kinachoweza kuharibu miseli peke yake. Maji mazito ya deuteri, yaani yenye haidrojeni ya aina nzito, yanarefusha maisha ya molekuli laini bila kubadilisha sana kemia yake. Kama bajeti inaruhusu, anza na hayo.

Hatua ya 9: Chakata picha kwa unyenyekevu

Fremu zako zitakuwa na chenga. Kujumlisha fremu chache mfululizo ni halali mradi kitu hakijasogea katikati. Vichujio vikali, na hasa programu za mitandao neva zilizofunzwa kwa picha za watu wengine, zinaweza kuchora kingo ambazo hazikuwepo. Pima ukubwa kwenye data mbichi au iliyochujwa kidogo, na utoe fremu mbichi pamoja na makala.

Mgawo wa mtawanyiko, yaani kipimo cha kasi ya chembe kusambaa majini, ukitoka mdogo mara elfu moja au milioni kuliko wa kinadharia, usikimbilie kudai kwamba maji yamekuwa mazito. Ni dirisha. Chaji inayojikusanya kwenye nitridi na mvuto wa uso ndivyo vinavyoshika chembe, kwa hiyo namba hiyo ni ya mwendo karibu na ukuta na iandikwe hivyo. Mpangilio wa matukio unaaminika zaidi: tone kabla ya kifuko, mgusano kabla ya muungano. Jenga hoja yako juu ya mpangilio, kasi iwe nyongeza.

Ukimaliza, pitisha maji safi kwenye mirija kwa muda wa kutosha, kisha hewa au nitrojeni, kwa sababu chumvi ikikaukia ndani ya mrija mwembamba utalipia mrija mpya. Toa oringi na uzihifadhi bila kubanwa. Na kabla hujaondoka, andika kwenye daftari la maabara namba hizi, kwa vipimo vyake: kilovolti, kasi ya mmiminiko, jumla ya mmiminiko, dozi kwa grei, unene wa kimiminika pale uliporekodi na namna ulivyoupima, na kimiminika chenyewe kilikuwa nini, pamoja na kifyonza chochote ulichoongeza. Mkaguzi wa makala ataziuliza, na kesho yake aliyekufuata kwenye ratiba ya hadubini ataziuliza pia.